Mgonjwa wako amepewa rufaa ya Bombo: fuata hatua hizi

Mkoa wa Tanga una wilaya 8 na, kwa sensa ya mwaka 2022, watu zaidi ya milioni 2.6. Juu ya zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya za mkoa huu ipo Bombo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pale juu ya genge la bahari mjini Tanga ambako lile jengo la enzi za Wajerumani bado limesimama. Mtu wa Songe kule Kilindi, wa milimani Lushoto na wa Pangani, ugonjwa ukiizidi nguvu hospitali ya wilaya, wote huelekezwa kwenye mlango huo huo.

Mwongozo huu ni wa ndugu anayemsindikiza mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hana nguvu ya kuuliza wala kukumbuka alichoambiwa. Wewe ndiye unayeshika karatasi, unayepanga foleni na unayetakiwa kujibu daktari akiuliza, "Homa ilianza lini?" Inaniuma kuona watu waliotoka mbali wakipoteza siku nzima kwa ajili ya karatasi iliyobaki nyumbani. Hatua nyingi nitakazozieleza zinafaa pia kwa Ligula ya Mtwara, Maweni ya Kigoma, Kitete ya Tabora au Sekou Toure ya Mwanza, kwa kuwa ngazi za rufaa Tanzania Bara ni zile zile.

Hatua ya 1: Anzia ngazi iliyo karibu nawe

Ngazi ziko hivi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, kisha hospitali ya taifa, Muhimbili. Kwa mtu wa Tanga, hospitali ya kanda ya kaskazini ni KCMC, Moshi. Muheza wana hospitali yao teule, na kila wilaya ina pake pa kuanzia.

Watu wengi huruka ngazi wakiamini kwamba hospitali kubwa ndiyo yenye dawa kali. Malaria isiyo na dalili za hatari inatibika vizuri zahanati kwa dawa zile zile za mseto. Ukimpeleka mgonjwa huyo hospitali ya mkoa atakaa foleni na watu waliovunjika nyonga, wenye uvimbe tumboni na watoto wenye selimundu, na daktari atalazimika kuwatanguliza hao. Kazi ya hospitali ya mkoa ni ubingwa: upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake, mifupa, macho, na vipimo ambavyo huko chini havipo. Siku hizi hospitali nyingi za ngazi hii zina hata CT scan, kipimo ambacho zamani kilimlazimu mtu wa mkoani kupanda basi la Dar es Salaam.

Hatua ya 2: Usiondoke bila barua ya rufaa, na uisome kabla ya kuondoka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi huharibika.

Barua ya rufaa si kibali cha getini tu. Ni daktari mmoja anazungumza na mwenzake kuhusu mgonjwa wako wewe ukiwa hujui hata majina ya dawa. Barua nzuri inaeleza mgonjwa ana tatizo gani, limeanza lini, amepimwa nini na majibu yalikuwaje, amepewa dawa gani, saa ngapi na kwa kiasi gani, na kwa nini anapelekwa mbele. Mama aliyepewa sindano ya kuzuia kifafa cha mimba saa 4 asubuhi, kisha barua yake ikaandikwa tu "amepewa dawa", anamwachia daktari wa Bombo mtihani mgumu: aongeze dozi au asubiri? Sindano ile ikizidi kipimo inaweza kumzuia mtu kupumua.

Kwa hiyo ukikabidhiwa barua, isome palepale, au mwombe muuguzi akusomee. Uliza kwa adabu: "Dawa alizopewa zimeandikwa? Saa je? Majibu ya maabara yameambatishwa?" Hakuna mtaalamu wa kweli atakayechukia swali hilo. Omba pia wapige simu Bombo kuwaarifu kwamba mgonjwa yuko njiani, hasa akiwa mahututi, ili akute damu, oksijeni au chumba cha upasuaji kimeandaliwa. Piga picha barua na majibu yote kwa simu yako. Karatasi hulowa mvua, na huchanika mifukoni.

Barua inagusa pia pesa. Bima zinazofuata ngazi, kama ulivyokuwa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ambao kaya ya watu 6 mikoani iliulipia shilingi 30,000 kwa mwaka, hukufikisha hospitali ya mkoa kwa rufaa. Ukijipeleka mwenyewe, kadi haikusaidii, unalipa taslimu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inabadilisha mambo mengi katika mifuko hii, basi kabla ya kuondoka mwulize mtu wa bima kwenye kituo chako: "Kadi hii inanifikisha mkoani kwa huduma zipi?"

Hatua ya 3: Ikiwa ni dharura, ngazi hazikuhusu

Mtu anayetoka damu nyingi, aliyepoteza fahamu, anayeshindwa kupumua, aliyepooza upande mmoja ghafla, mtoto anayedegedega, aliyegongwa na gari, aliyeumwa na nyoka: huyo mpeleke kituo cha karibu kinachoweza kumtuliza, barua au hakuna barua. Usimpitishe milango mitatu ukitafuta hospitali yenye jina. Kituo cha afya kinaweza kumwekea dripu, kuzuia damu na kumwongezea muda wa kufika Bombo akiwa hai.

Kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, piga 115, bure. Huo ni mfumo wa M-Mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Anayepokea simu atauliza dalili na mahali ulipo, kisha atatafuta gari la wagonjwa; likiwa mbali, atampata dereva wa kijamii aliyesajiliwa, na malipo yake yanatoka kwenye mfumo, si mfukoni mwako. Iandike namba hiyo ukutani, karibu na kadi ya kliniki.

Aliyeumwa na nyoka, hali inayowapata sana wakulima na wafugaji wa Handeni na Kilindi, mlaze atulie, mguu au mkono ulioumwa usichezeshwe, vua pete na viatu kabla havijabana. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mwenye kiharusi, shika saa kamili dalili zilipoanza, kwani ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Aliyejeruhiwa kwa ajali au kupigwa anahitaji fomu ya polisi namba 3, PF3. Wakati mwenzako mmoja anaikimbilia polisi, mgonjwa aende hospitali. Jeraha linalotishia uhai hutibiwa kwanza, fomu ikifuata.

Hatua ya 4: Funga mzigo wa msindikizaji

Weka kwenye bahasha moja ya plastiki: barua ya rufaa, kadi ya bima, kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura, kadi ya kliniki kama ni mjamzito au mtoto, vyeti na picha za eksirei za zamani, na dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake. Za miti shamba nazo zitaje, hata kama unaona haya. Zipo zinazogongana na dawa ya ganzi au kuchosha figo.

Mbali na hayo chukua khanga mbili au tatu, ndoo, sabuni, shuka, kikombe na kijiko, chaja ya simu, na akiba ya nauli ya kurudi ambayo hutaigusa. Mabasi ya wilayani yanashusha stendi ya Kange, nje kidogo ya mji. Kutoka hapo kuna daladala na bajaji. Mgonjwa asiyeweza kukaa wima usimpandishe bodaboda.

Kabla hujalala njiani ukiwaza utafikia wapi, piga simu kwa jamaa wa mjini. Msindikizaji mmoja anatosha. Familia nzima ikija, nauli iliyopotea ndiyo ingenunua dawa.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, mlango kwa mlango

Fika mapema asubuhi kama si dharura, na kama barua imetaja kliniki ya bingwa, piga kwanza kujua siku yake. Kliniki za mabingwa zina siku zake za wiki, na ukija siku ya macho na mgonjwa wa mifupa utalala mjini bure.

Mapokezi watafungua faili na kutoa namba. Ishike kichwani, ndiyo jina la mgonjwa wako ndani ya geti. Mwenye bima atahakikiwa kwenye dirisha la bima. Anayelipa taslimu atapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo unailipia kwa simu, benki au wakala, kisha unachukua stakabadhi. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi, hata kama amevaa koti jeupe na anaharakisha. Malipo yasiyo na stakabadhi hayamfikii mgonjwa wako wala hayaingii hospitali.

Kisha vipimo vya awali: presha, joto, mapigo ya moyo, uzito, kiwango cha oksijeni kwa kile kibanio cha kidoleni. Muuguzi wa hapo ndiye anayepanga nani aingie mapema. Mgonjwa akibadilika mkiwa kwenye benchi, akaanza kutweta au kusinzia bila kuamka, nyanyuka umwambie mara moja: "Shikamoo dada, mgonjwa wangu amebadilika." Hujaruka foleni, umetimiza wajibu wako.

Utakutana na madaktari vijana wengi. Baadhi ni watarajali, waliomaliza masomo na wanafanya mwaka wa mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi. Msiwadharau. Mara nyingi ndio wanaomsikiliza mgonjwa kwa muda mrefu zaidi, na ndio watakaokwenda kufanya kazi katika hospitali ya wilaya yako kesho kutwa. Hospitali ya mkoa ni darasa lao, na wauguzi wengi wamejifunzia humo pia.

Ndani kwa daktari, eleza kwa mpangilio: tatizo, lini, linaongezwa na nini, amewahi kulazwa au kupasuliwa, ana mzio wa dawa gani. Kabla hujatoka uliza mambo matatu: ugonjwa unaitwaje, kipimo hiki ni cha nini, na dalili gani ikitokea nirudi haraka. Andika majibu.

Hatua ya 6: Pesa haitoshi? Nenda ustawi wa jamii mapema, si siku ya kuruhusiwa

Hili watu hulikwepa kwa aibu, nami ningependa kila mtu wa mkoa huu alijue.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 imeweka makundi yanayosamehewa gharama: wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye magonjwa kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Pia kuna msamaha kwa mtu yeyote ambaye kweli hana. Anayeshughulikia ni Afisa Ustawi wa Jamii, na kila hospitali ya mkoa inaye.

Anzia kijijini. Barua ya Mtendaji wa Kijiji au Mtaa inayoeleza hali ya kaya ina uzito mkubwa, kwa sababu afisa wa mjini hakujui, mtendaji anakujua. Mzee naye abebe kitambulisho cha wazee kama halmashauri imempa. Ukifika hospitali, uliza ofisi ya ustawi siku ile ile mgonjwa anapolazwa. Afisa atakuhoji: mna shamba la ukubwa gani, nani anawategemea, nani katika ukoo ana mshahara. Jibu kweli. Msamaha unaweza kuwa wa gharama yote au sehemu, na sehemu iliyobaki mnaweza kukubaliana kulipa kidogo kidogo kwa maandishi.

Ukisubiri hadi siku ya kuruhusiwa, bili imeshajumlishwa, mgonjwa anataka kwenda nyumbani, kitanda kinasubiriwa na mwingine, na wewe unazunguka kutafuta mtendaji aliye kilomita 150 kutoka hapo.

Hatua ya 7: Akilazwa

Jua jina la wodi, namba ya kitanda na jina la muuguzi wa zamu. Ulizia saa za kuona wagonjwa na saa ya raundi ya daktari. Wakati wa raundi kaa karibu, maana ndipo maamuzi yanapofanywa. Chakula cha nyumbani ni sawa, ila mwenye kisukari, presha au anayesubiri upasuaji uliza kwanza. Uji mmoja uliopelekwa kwa huruma asubuhi ya upasuaji unatosha kuuahirisha, kwa kuwa tumbo lenye chakula linaweza kutapika chini ya nusukaputi na matapishi yakaingia mapafuni.

Upasuaji unahitaji saini ya ridhaa. Usiisaini kama stakabadhi ya posta. Uliza unafanywa nini, kuna hatari gani, na bila upasuaji itakuwaje. Mgonjwa mwenye fahamu ndiye anayesaini mwenyewe, si mume wake wala shemeji.

Hatua ya 8: Damu

Hospitali inaweza kununua dawa Bohari ya Dawa. Damu haina bohari nyingine ila mishipa ya watu wa Tanga. Wanaoihitaji zaidi ni akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua, watoto walioishiwa damu kwa malaria kali au selimundu, na majeruhi wa ajali. Uniti moja hukaa kwenye jokofu siku 35 tu, hivyo haiwezekani kuchangisha mara moja kwa mwaka na kutulia.

Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, asiwe mgonjwa siku hiyo, asiwe mjamzito wala anayenyonyesha. Kunywa maji na kula kabla ya kwenda. Utajibu maswali ya faragha. Yajibu kwa ukweli, kwani ukweli wako unamlinda mtu asiyekujua. Kisha watakutoboa kidole na kupima wingi wa damu. Mara nyingi utaona tone likidondoshwa kwenye kimiminika cha buluu: likizama haraka, damu yako inatosha, likielea, utashauriwa lishe na kurudi siku nyingine. Hutolewa mililita 450 hivi kwa dakika zisizozidi 15, unapewa soda au juisi, unapumzika. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kumfikia yeyote. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4.

Ndugu mkiombwa kuchangia, chagueni wenye afya wawili watatu waende. Lakini damu haiuzwi. Anayekutajia bei ya chupa ya damu anavunja utaratibu, na hatua inayofuata ni kwa ajili yake.

Hatua ya 9: Jambo likienda kombo, lisemee mahali panaposikika

Anza na muuguzi kiongozi wa wodi. Mengi huishia hapo. Halafu dawati la huduma kwa wateja, halafu ofisi ya Mganga Mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa hospitali. Usimchanganye na Mganga Mkuu wa Mkoa, anayesimamia afya mkoa mzima. Eleza tarehe, saa, wodi na kilichotokea, bila matusi. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199, bure. Ukidaiwa rushwa, TAKUKURU ni 113, bure pia.

Usiende kulalamika Halmashauri. Kufuatia uamuzi wa serikali wa mwaka 2017, hospitali za rufaa za mikoa zilitolewa TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, na kuwekwa chini ya Wizara ya Afya. Wananchi wana sauti kupitia bodi ya ushauri ya hospitali. Ulizeni ni nani anayewakilisha watu humo na mumpe hoja zenu. Na muuguzi aliyekesha na mgonjwa wako mwandikie pia. Sanduku la maoni si la lawama pekee.

Hatua ya 10: Kuruhusiwa, na barua ya kurudi

Kama barua ya kuja ni muhimu, ya kurudi nayo ni hivyo hivyo, na hii ndiyo husahaulika zaidi. Usitoke na dawa tu. Dai karatasi ya ruhusa inayotaja ugonjwa uliogundulika, matibabu aliyopewa, dawa za kuendelea nazo na tarehe ya kurudi. Uliza kipi kinaweza kufanyika zahanati ya kwenu: kubadilisha bandeji, kutoa nyuzi, kupima presha kila wiki, kuchukua dawa za kisukari. Ukishafika nyumbani, peleka nakala kwa mganga aliyeandika rufaa. Atajua alipatia wapi, na mgonjwa ajaye mwenye dalili kama hizo ataandikiwa barua bora zaidi.

Mama aliyejifungua asiache tangazo la kizazi, kwani ndilo litakalompatia mtoto cheti cha kuzaliwa. Familia iliyofiwa nayo ichukue kibali cha mazishi na tangazo la kifo kabla ya kuondoa mwili mochwari. Mirathi, mafao na hata laini ya simu ya marehemu vitadai cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cheti hicho huanzia kwenye karatasi hiyo.

Tarehe ya kurudi ikifika, hakikisha na kituo chako kama rufaa ya zamani bado inatumika au unahitaji mpya. Fanya hivyo siku mbili tatu kabla ya kukata tiketi ya basi.